Kabla ya HR Kulikuwa na Kipande

Mwaka jana nilienda Huduma Centre ya Makadara kuchukuliwa alama za vidole. Nilikuwa natafuta ile karatasi ya polisi ya tabia njema, maana kuna mahali nilikuwa nimeomba kazi na wakasema bila hiyo hata wasinione. Vidole vyote kumi, kimoja kimoja, wino mweusi. Wino wenyewe hautoki kwa maji peke yake, kwa hivyo nilipofika kwa shosh Kaloleni saa ya chakula mikono yangu bado ilikuwa kama ya fundi wa gereji. Akaiangalia mikono, akaniangalia mimi, akauliza, "Umepata kazi ama umeshikwa?"

Nikamwambia natafuta kazi. Akacheka kile kicheko chake cha pua. Akasema hata babake alichovywa vidole hivyo hivyo ndio aandikwe kazi, tofauti ni kwamba yeye walimpa na kengele.

Hiyo kengele ndiyo kipande. Karatasi iliyokunjwa ikawekwa ndani ya kijikopo cha chuma, kikafungwa kamba, kikaning'inizwa shingoni. Wazee wa Kikuyu walikiita mbugi, yaani ile kengele mbuzi hufungwa ndio akipotea ajulikane yuko wapi na ni wa nani. Babake shosh alikuwa mchungaji alipokuwa mtoto. Alijua vizuri sana nani huvaa mbugi na nani hushika fimbo.

Naleta hii stori kwa sababu ya swali moja. Kila mara matokeo ya KCSE yakitoka, vijana wa mtaa huniuliza wafanye kozi gani, na siku hizi wengi wanakuja wakiwa wameshajijibu: HR. Ukiuliza kwa nini, wanakuambia ni kazi ya ofisi, hakuna hesabu ngumu, unaandika watu, unafuta watu, basi. Mimi mwenyewe niliifanya hiyo kozi miaka 2 na nusu, halafu karo ikapita kwetu kama mat ya express, haikusimama. Kwa hivyo sina digrii. Lakini nimekaa pande zote mbili za hiyo meza, ile ya kuandikwa na ile ya kuandika, na kuna vitu ningependa mtu angeniambia kabla sijajaza fomu.

Darasani tulianza na Frederick Taylor na saa yake ya kupimia vibarua Marekani. Tukaenda kwa Elton Mayo na utafiti wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Vizuri. Nilipita huo mtihani. Ila hakuna siku tulitaja Jogoo Road, na kama kuna mahali Kenya ambapo hiyo kazi ilizaliwa, ikapigwa, ikabadilishwa, ni huku kwetu.

Anza tu na maneno tunayotumia bila kufikiria. Kibarua ni barua ndogo. Pwani zamani, mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, na jioni alikirudisha ndio alipwe. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe, na hadi leo tunasema "niko kibarua" ama "yule ni kibarua" bila kujua tunamwita mtu stakabadhi. Mnyapara naye alikuwa kiongozi wa wapagazi kwenye misafara ya kwenda bara. Wakoloni wakamchukua wakamweka shambani na kwenye reli. Leo ukisikia mnyapara Kenya, labda ni mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Hiyo safari ya neno moja inasema mengi kuhusu vile watu walimwona msimamizi wa kazi.

Sasa serikali ya kikoloni ilikuwa na shida ambayo HR yeyote wa leo anaijua: kupata watu na kuwazuia wasiondoke. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa na mshahara mdogo, na Mwafrika aliyekuwa na shamba lake hakuona sababu ya kwenda kulima la mwingine. Mwaka wa 1906 wakatunga sheria ya mabwana na watumishi. Kuacha kazi kabla mkataba haujaisha kukawa kosa la jinai. Soma tena hapo. Sio kukatwa mshahara. Ni kufungwa.

Lakini kumfunga mtu lazima kwanza umpate, na mtu alikuwa anatoroka shamba la Thika leo, kesho anaajiriwa Nakuru kwa jina lingine. Ndipo ikaja sheria ya kuandikisha wenyeji ya 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi kabisa mwishoni mwa 1919 na kuingia 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Alama za vidole zilichukuliwa na kuwekwa kwenye rejista kuu Nairobi. Ndani ya ile karatasi kulikuwa na jina lake, kabila lake, mwajiri, tarehe ya kuanza, mshahara, tarehe ya kuachiliwa na sahihi ya mwajiri.

Ukitoa chuma na kamba, hiyo ni CV. Tofauti ni kwamba CV unajiandikia mwenyewe na unaweza kujipamba kidogo. Kipande kiliandikwa na bosi. Bosi asipotia sahihi ya kukuachilia, hakuna mwingine angekuandika, kwa sababu karatasi ilionyesha wewe bado ni wa mtu. Na mshahara wako wa mwisho ulikuwa pale pale, kwa hivyo bosi mpya hakuwa na haja ya kukupa hata senti zaidi. Umewahi kuulizwa kwenye intavyu, "Kazi ya mwisho ulikuwa unalipwa ngapi? Leta pesilipu"? Ni mchezo ule ule. Mimi hucheka nikisikia watu wakisema eti hiyo ni mbinu ya kisasa ya kuajiri.

Mtu wa kwanza wa Nairobi kuwasimamisha watu juu ya hii kitu hakuwa profesa. Harry Thuku alisoma kwa wamishonari miaka michache, akafanya kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti, na kufikia 1921 alikuwa anapokea simu katika ofisi ya Hazina. Alikuwa amefungwa miaka 2 ujanani kwa kesi ya hundi ya kughushi. Yaani leo hiyo karatasi ya tabia njema niliyokuwa naifuata Makadara, Harry Thuku asingeipata. Mwaka huo wa 1921 walowezi waliamua kupunguza mshahara wa Waafrika kwa theluthi moja, na Thuku na wenzake wakaunda chama, wakaanza mikutano: mshahara, kodi, kipande. Alishikwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe, na wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake na kuwaambia wachukue hiyo, wampe yeye suruali zao. Polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema watu 21 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa uhamishoni karibu miaka 9.

Ukipita Harry Thuku Road leo, pale kwa hoteli ya Norfolk, uko karibu kabisa na mahali hapo. Nimepita hapo mara nyingi sana nikienda kutafuta kazi mjini, na CV kwenye bahasha ya khaki.

Kipande chenyewe kilikaa hadi 1947, ilipopitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Na unajua nani alipiga kelele? Wazungu. Walowezi walikasirika kwamba na wao watachukuliwa alama za vidole kama wahalifu. Miaka 27 vidole vya babake shosh na wenzake vilikuwa kwenye rejista na hakuna mlowezi aliona ubaya. Hata hivyo jina halikufa. Polisi akikusimamisha usiku Kenya hii, bado anaweza kusema "toa kipande," na wewe unatoa kitambulisho bila hata kujiuliza.

Hapo ndipo stori inahamia Eastlands.

Angalia nyumba zetu. Sio hizi gorofa mpya, zile za zamani: Muthurwa na Makongeni za reli, Kaloleni, Ziwani, Bahati. Kwa muda mrefu Mwafrika alihesabiwa Nairobi kama mkono wa kazi uliokuja bila mwili. Mshahara ulipigwa hesabu ya mwanamume mmoja, bachela, kitanda kimoja, unga wake. Bibi na watoto walitakiwa wakae mashambani na kujilisha. Kwa hivyo chumba kilikuwa cha kitanda, na kilikuwa sehemu ya kazi. Ukifutwa, umepoteza kazi na paa siku moja. Shosh ananiambia kuna majirani waliokuwa wakitoka na masanduku mwisho wa mwezi na hakuna mtu alikuwa anauliza kwa nini. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, angalau iliwafikiria watu wenye familia, na ndio maana wazee wa huko hujivunia hadi leo, hata kama mabomba yanavuja.

Na kuna ile hall. Kaloleni Social Hall, ile tunaenda kwa harambee na mazoezi ya ndondi. Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye mkutano pale Kaloleni, Makhan Singh alisimama na kutoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Huyu alikuwa Kalasinga wa Nairobi, mtu wa kiwanda cha kupiga chapa, aliyeanza chama cha wafanyakazi 1935 na kukifungua kwa watu wa rangi zote wakati wengine walikuwa wanaona hiyo ni wazimu. Mwaka wa 1949 yeye na Fred Kubai walikuwa wameunganisha vyama vya wafanyakazi kuwa shirikisho moja. Wiki tatu baada ya ule mkutano wakashikwa wote wawili, na Nairobi ikagoma zaidi ya wiki. Makhan Singh aliwekwa kizuizini mpaka Oktoba 1961. Miaka 11 na zaidi. Sijui ni wangapi wetu tunaocheza pool hapo nyuma ya hall tunajua hilo jina.

Baadaye ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi, mtaa kwa mtaa, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori. Shosh alikuwa na miaka kama 8. Anachokumbuka ni mtu aliyefunikwa gunia kichwa kizima, macho tu yanaonekana, akitingisha kichwa watu wakipitishwa mbele yake. Ndio ama la. Kazi, kizuizi, ama kurudishwa mashambani. Na kwa hao makabila matatu karatasi ya kubeba kila mahali ikarudi, safari hii kama kijitabu chenye rekodi ya kazi ndani. Shosh huwa hamalizi hiyo stori.

Mwaka huo huo wa 1954 kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, chini ya Carpenter, ilitoa ripoti. Iligundua kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi walikuwa wanalipwa pesa ambayo haiwezi kumweka mtu mmoja vizuri, achilia mbali familia. Ikapendekeza mshahara uache kuhesabiwa kwa bachela na uhesabiwe kwa mtu mwenye familia. Utekelezaji ulikuwa wa kukokota miguu, hiyo kila mtu anajua. Lakini ukubali ama ukatae, hapo karatasi rasmi Kenya ilikubali kwamba kibarua ana mtoto.

Tom Mboya sasa. Alisomea ukaguzi wa usafi pale Jeanes School, Kabete, akaandikwa na manispaa ya Nairobi, akaona kwamba mkaguzi Mwafrika analipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Akaanzisha chama cha wafanyakazi wa manispaa, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na miaka 23. Viongozi wengine walikuwa jela, kwa hivyo kwa miaka kadhaa hilo shirikisho ndilo lilikuwa sauti kubwa iliyobaki. Aliwahi kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956. Digrii ya kusomea hakuwa nayo. Halafu mwaka wa 1959 huyo huyo ndiye alisaidia kupeleka wanafunzi 81 kwa ndege Marekani wakatafute digrii.

Akiwa Waziri wa Leba, Oktoba 1962, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi waliweka sahihi Mkataba wa Viwanda. Kwa kifupi: mwajiri atambue chama, malalamiko yawe na njia ya kufuata, mgomo uwe wa mwisho baada ya mazungumzo. Mahakama ya Viwanda ikaja 1964. Na hapa ndipo naona kitu ambacho vitabu vyangu vya kozi vilikiruka. Kampuni ikishakubali kuzungumza na chama, inahitaji mtu wa kukaa upande wa pili wa meza. Mtu wa kusoma mkataba, kuandika kumbukumbu za kikao, kujua nani ana siku ngapi za likizo. Mnyapara hawezi hiyo kazi. Wazee wa viwandani walimwita huyo mtu mpya "pasonel". Mara nyingi alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kupewa ofisi kwenye kampuni ya Wazungu, kwa sababu waliona ni afadhali mweusi awafute weusi. Lakini kiti chenyewe kilichongwa na wagomaji.

Hao mapasonel wakaunda chama chao cha kitaaluma 1975. Ndicho leo tunakijua kama IHRM, Taasisi ya Usimamizi wa Rasilimali Watu. Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha sheria 5 za kazi kwa mpigo, mojawapo ikiwa Sheria ya Ajira. Mwaka wa 2010 katiba ikasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, kifungu cha 41. Na 2012 ikaja sheria ya wataalamu wa HR wenyewe, inayosema huwezi kufanya hiyo kazi kama mtaalamu bila kusajiliwa na kuwa na cheti cha kufanyia kazi, kama wakili ama mhasibu. Kuna bodi ya mitihani na kuna mtihani wake, CHRP. Ndio maana siku hizi tangazo la kazi haliishii kwa "digrii ya HR", linaongeza "awe mwanachama wa IHRM". Wengi hugundua hiyo laini baada ya kumaliza miaka 4.

Najua mnangoja niseme masomo ni utapeli. Mtu aliyeacha chuo, ana simu na taa ya kujirekodi, hiyo ndiyo stori hulipa. Siwezi kuisema, na nitawaambia kwa nini.

Baada ya kuacha chuo nilipata kazi ya karani wa zamu kwenye ghala moja Industrial Area. Sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa ya asubuhi: saa kumi na mbili na nusu niko getini na orodha, watu wamepanga laini nje, wengine wamevuka reli kwa miguu kutoka Makongeni, wengine wametoka Mukuru. Nasoma majina, naweka tiki, jioni naweka tiki nyingine, Jumamosi orodha inaenda kwa mhasibu. Watu 40 hivi. Waliniita "karani", hata wazee wa umri wa babangu, na mimi nilipenda, siwadanganyi.

Wiki ya tatu bosi akaniita. Akanipa orodha ya majina 12 na kuniambia hao wapumzike wiki moja, halafu warudi. Nikauliza wamekosa nini. Akasema hawajakosa, ni utaratibu.

Mimi nilijua huo utaratibu. Nilikuwa nimeusoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mmoja, ama akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha chini ya miezi 3, huyo si kibarua tena. Anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi, na hawezi kuambiwa tu "kesho usikuje". Lazima apewe notisi. Akipita miezi 2 mfululizo, anastahili masharti kama ya wenzake walioandikwa. Kwa hivyo unamkata wiki ya tatu. Unamrudisha ya tano. Kwenye karatasi kila mara ni mtu mpya. Mahakamani ujanja kama huo unaweza kuanguka, maana majaji huangalia kazi yenyewe na sio tiki peke yake, lakini ni kibarua gani anafika mahakamani?

Nilisoma yale majina 12 getini. Nilisema "mpumzike kidogo, tutawaita". Mzee mmoja wa Maringo, aliyekuwa akiniletea njugu, aliniuliza kama kuna kitu amefanya. Nikasema la. Nilifanya hivyo miezi 7.

Ndio maana siwezi kusema cheti ni karatasi tu. Nilikuwa najua sheria na sikuwa na chochote cha kusimamia. Sina usajili, sina taasisi, hata mkataba wangu mwenyewe ulikuwa wa mdomo. Bosi alinichukua kwa sababu hiyo. Karani asiye na cheti hasumbui. Mtu wa HR aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza, kuna mahali anaweza kushtakiwa, na kwa hiyo angalau ana sentensi moja ya kumwambia bosi: hii siwezi kutia sahihi, nitanyang'anywa cheti. Sisemi wote huisema. Kuna wenye CHRP ukutani wanaofanya mabaya kuliko yangu. Nasema mimi sikuwa hata na hiyo sentensi.

Kwa hivyo ukitaka kuingia HR, jua unaingia wapi. Kama una njia ya digrii, sawa, lakini anza kuulizia IHRM ukiwa bado mwanafunzi, kuna ngazi ya uanachama ya wanafunzi. Kama huna njia ya digrii, kuna vyeti na diploma na ngazi za mitihani unazoweza kupanda ukifanya kazi. Ujuzi wa mikono pia sasa una mlango: mwaka wa 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mitihani ya ufundi ya NITA imekuwepo miaka mingi. Soma Sheria ya Ajira yote kabla ya kusoma kitabu chochote cha uongozi chenye picha ya simba. Na usidanganyike kwamba kazi ni nyingi. Hesabu za serikali zinaonyesha zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 Kenya wako kwenye jua kali na biashara ndogo, na huko hakuna HR. Kuna mwenye duka na mhemko wake.

Kitu kingine, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananilalamikia juu yake. Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira iliongezewa kipengele: mwajiri asikuitishe karatasi za kuthibitisha uko safi, kama ya polisi, ya HELB, ya kodi ama ya madeni, kabla hajaamua kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hivyo lile tangazo linalosema leta karatasi 5 ndio uitwe intavyu, halifai. Ile kazi niliyochafulia vidole Makadara hawakuwahi hata kunipigia. Nililipa, nikapanga laini, nikapakwa wino, bure. Shosh alisema angalau babake alipewa kengele.

Na ukitoka kazini baada ya wiki 4 ama zaidi, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi: jina lake, jina lako, ulianza lini, uliisha lini, ulikuwa unafanya nini. Halazimishwi kusifu tabia yako. Halazimishwi kusema chochote juu ya roho yako. Tarehe na kazi, basi. Ukiiweka kando ya kipande cha 1920 ni karibu karatasi ile ile, ila hii unaidai wewe, na ukiipata inakaa mfukoni mwako.

Yule mzee wa Maringo hana cheti cha utumishi, maana kwenye vitabu vyao hajawahi kufika wiki 4. Aliacha kuitwa Novemba. Alipata namba yangu kwa kijana wa njugu, akanipigia, na bado ananiita karani. Anataka kwenda ofisi ya leba. Sheria inampa miaka 3 ya kudai, kwa hivyo muda upo, lakini waliomwona wanaogopa na yeye hakumbuki tarehe.

Mimi ninazo. Ile orodha ya kampuni ilibaki kwa kampuni, lakini kila jioni nilikuwa nikinakili tiki kwenye daftari langu, nikiogopa mhasibu atanisingizia watu hewa. Miezi 7, majina yote, pamoja na siku ambazo niliwaambia wapumzike na nani aliniambia niwaambie. Mwandiko ni wangu kila ukurasa. Nikilitoa hilo daftari nitaulizwa ni nani alikuwa anawasomea watu majina getini, na jibu liko wazi.

Anaenda Jumanne asubuhi. Tumekubaliana tukutane stage ya City Stadium saa mbili.